MGODI WA KINA KIREFU NA LUGHA YAKE: NJIA TATU ZINAZOSHIKILIA GHOROFA ZA CHINI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ujenzi wa ghorofa za chini katika migodi mirefu ya kihistoria pamoja na msamiati unaohitajika ili kuueleza kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya chini kabisa ya mgodi haijitegemei. Inashikiliwa na njia tatu, yaani njia ya watu, njia ya hewa na njia ya maji, na mojawapo ikikatika, walio chini ndio huumia kwanza. Hoja hii inafafanuliwa kwa mifano mitatu: mgodi wa Levant nchini Uingereza (1919), mgodi wa Bois du Cazier nchini Ubelgiji (1956) na mgodi wa Kipushi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (2011). Hatimaye makala yanapendekeza istilahi tano ambazo tayari zimo katika Kiswahili, na kueleza kwa nini kuzitofautisha ni suala la uhai wa watu wala si la urembo wa lugha.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na habari kwamba wachimbaji kadhaa wamekwama mgodini. Habari hiyo humwambia kuwa kuna msiba, lakini aghalabu haimwambii chochote kuhusu mahali. Je, watu hao wamo katika shimo la wima walimoshukia, au katika njia ya ulalo walimokuwa wakifanya kazi? Kilichowakatia njia ni mwamba, maji au moshi? Neno "mgodi" limebeba yote hayo kwa pamoja, na kwa sababu hiyo halibainishi hata moja.

Upungufu huu hautokani na ugeni wa shughuli yenyewe. Afrika Mashariki ina historia ya uchimbaji wa chini ya ardhi. Nchini Kenya, mgodi wa dhahabu wa Rosterman karibu na mji wa Kakamega ulifanya kazi hadi mwaka wa 1952, na mgodi wa Macalder katika eneo la Migori ulitoa shaba na dhahabu hadi mwaka wa 1966. Nchini Tanzania, machimbo ya tanzanaiti ya Mererani yamekuwako tangu madini hayo yalipogunduliwa mwaka wa 1967. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa aeleze jinsi mgodi mrefu ulivyojengwa, mara nyingi hulazimika kukimbilia Kiingereza baada ya sentensi mbili. Makala haya yanaanza kwa kueleza kitu chenyewe, kisha yanarejea kwenye jina lake, maana haifai kukipa kitu jina kabla ya kukijua.

2.0 Muundo wa mgodi mrefu

Katika makala haya maneno matano yanatumiwa kwa maana maalumu. Sababu za kuyateua zitatolewa katika sehemu ya 7.0. "Duara" ni shimo la wima linalotoka juu ya ardhi hadi chini. "Ghorofa" ni kiwango cha kina ambacho kazi hufanyiwa. "Handaki" ni njia ya ulalo inayochimbwa kutoka kwenye duara kuufuata mwamba wenye madini. "Ngazi" ni kifaa cha kupandia na kushukia. "Kisima" ni shimo lililo chini kabisa ambamo maji yote ya mgodi hukusanyika.

Mgodi mrefu waweza kulinganishwa na jengo lililopinduliwa. Duara ndilo uti wa mgongo wake. Kutoka kwenye duara hilo, baada ya kila masafa fulani, hufunguliwa ghorofa mpya, na katika kila ghorofa mahandaki husambaa kuitafuta mbale, yaani mawe yenye madini. Mbale hukatwa, husukumwa kwa vigari hadi kwenye duara na kuvutwa juu. Tofauti kubwa kati ya mgodi na jengo ni kwamba jengo hukamilika, ilhali mgodi hurefuka kwa kadiri madini ya juu yanavyokwisha. Kwa hiyo ghorofa ya chini kabisa ndiyo mpya kuliko zote, ndiyo iliyo mbali zaidi na anga, na mara nyingi ndiyo inayobeba matumaini ya wenye mgodi.

Lakini kila mita inayoongezwa ina gharama yake. Mwamba huzidi kuwa na joto, kwa wastani wa takribani nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kina. Maji ya ardhini hupenya kwenye nyufa na kuteremka hadi mahali pa chini kabisa. Hewa iliyotumiwa na watu, pamoja na moshi wa baruti, haiondoki yenyewe. Naye mchimbaji aliyemaliza zamu ana safari ndefu kabla ya kuliona jua.

Inafaa kutaja hapa jambo linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Katika migodi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ghorofa ziliitwa kwa idadi ya vipimo vya kina, na kila kipimo kilikuwa sawa na futi 6. Kiswahili kina neno la kipimo hicho tangu zamani, nalo ni "pima": urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, au mikono minne kwa hesabu ya mkono mmoja mmoja. Mvuvi wa pwani anayesema kwamba bahari ni pima ishirini angeielewa hesabu ya mchimbaji wa Cornwall bila mkalimani. Lugha yenye kipimo cha kina cha bahari haiwezi kusemwa kuwa haina pa kuanzia inapotaka kueleza kina cha ardhi.

3.0 Njia ya watu: Levant, 1919

Mgodi wa Levant uko ukingoni mwa bahari huko Cornwall, na mahandaki yake yalichimbwa hadi chini ya sakafu ya bahari kutafuta shaba na bati. Kwa muda mrefu wachimbaji wa eneo hilo walipanda na kushuka kwa ngazi za kawaida. Mtu aliyekuwa amefanya kazi kutwa alihitaji kupanda mamia ya mita kwa mikono na miguu yake, nguo zikiwa zimelowa jasho, hadi kwenye baridi ya juu. Afya za watu wengi ziliharibika hivyo.

Suluhisho lilitoka Ujerumani. Mwaka wa 1833, katika milima ya Harz, kulibuniwa mtambo wa kupandishia watu, na mwaka wa 1842 mtambo wa namna hiyo ukaanza kutumiwa Cornwall katika mgodi wa Tresavean. Levant iliupata wa kwake mwaka wa 1857. Mtambo wenyewe ulikuwa mti mrefu ulioungwa kwa vipande vingi, ukining'inia ndani ya duara kutoka juu hadi chini. Injini ya mvuke iliupandisha mti huo futi 12, kisha ikaushusha futi 12, bila kukoma. Juu ya mti mlikuwa na vikanyagio vilivyoachana kwa futi 12, na kwenye ukuta wa duara mlikuwa na majukwaa yaliyolingana navyo. Mchimbaji alisimama juu ya kikanyagio, akapandishwa, akahamia kwenye jukwaa mti ulipokuwa unashuka, kisha akakanyaga kikanyagio kilichofuata. Kwa safari ya mita 400 alihitaji kuhama hivyo zaidi ya mara mia moja, gizani, akiwa na mwanga mdogo alioubeba mwenyewe.

Mtambo huo ulitumika kwa zaidi ya miaka 60. Tarehe 20 Oktoba 1919, wakati wa kubadilisha zamu, watu zaidi ya mia moja wakiwa juu yake, kiungo cha chuma kilichoushikilia mti kwenye injini kilikatika. Mti ukaanguka ndani ya duara pamoja na watu wake. Wachimbaji 31 walikufa.

Jambo la kuzingatiwa ni lile lililofuata. Mtambo haukurejeshwa, na ghorofa za chini kabisa ziliachwa. Kazi iliendelea katika ghorofa za juu hadi mgodi ulipofungwa mwaka wa 1930. Ghorofa ambayo mtu hawezi kuifikia na kurudi nyumbani jioni si ghorofa tena, hata kama mahandaki yake bado yamesimama.

4.0 Njia ya hewa: Bois du Cazier, 1956

Mfano wa pili ni wa makaa ya mawe. Mgodi wa Bois du Cazier uko Marcinelle, karibu na mji wa Charleroi nchini Ubelgiji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ubelgiji ilikuwa na upungufu wa wachimbaji, na mwaka wa 1946 ilitia sahihi mkataba na Italia wa kuwaleta wafanyakazi. Kwa hiyo mgodi huu ulikusanya watu wa mataifa mengi, walioagizana kazi kwa lugha ambazo si wote walizozijua sawasawa.

Katika mgodi wa aina hii hewa husafiri kwa mpango. Duara moja huingiza hewa safi. Hewa hiyo hupita katika ghorofa na mahandaki yote, kisha hutolewa kwa duara la pili kwa nguvu ya feni kubwa. Mpango huu ndio unaomwezesha mtu kupumua katika kina cha mita elfu moja. Lakini ndio huohuo unaogeuka kuwa hatari moto unapozuka mahali pabaya, kwa sababu moshi hufuata mkondo wa hewa hadi kwa mtu wa mwisho.

Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, katika ghorofa ya mita 975, kigari cha makaa kilikwama kikiwa hakijaingia chote katika kizimba cha kupandishia mizigo. Kizimba kikapandishwa kikiwa katika hali hiyo, pasipo maelewano kati ya waliokuwa chini na waliokuwa juu. Kilipopanda kilivunja bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Mafuta, cheche na hewa vikakutana, na moto ukazuka katika duara lililoingiza hewa. Watu 262 walikufa, 136 kati yao wakiwa Waitaliano. Waliookoka walikuwa kumi na wachache tu. Waokoaji waliendelea na kazi kwa majuma mawili kabla ya kufika ghorofa ya mita 1,035, iliyokuwa ya chini kabisa. Hawakumpata aliye hai.

Mkasa huu una mafunzo mawili. Kwanza, ndani ya duara moja mlipita kizimba, mafuta, umeme na hewa. Kosa la mahali pamoja likakata njia zote kwa mara moja. Pili, hitilafu ya awali ilikuwa ya mawasiliano. Wa juu hakujua hali ya wa chini. Mhandisi anaweza kutenganisha bomba na waya, lakini ishara na agizo ni mambo ya lugha, nayo yanastahili kushughulikiwa kwa uzito uleule.

5.0 Njia ya maji: Kipushi, 2011

Mfano wa tatu umo ndani ya eneo la wasemaji wa Kiswahili. Kipushi ni mji ulio kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani mwa Kongo na Zambia. Uchimbaji wa kisasa ulianza hapo mwaka wa 1924 chini ya kampuni ya Union Minière, na mgodi ukapewa jina la mwanamfalme Léopold wa Ubelgiji. Mwanzoni mbale ilichimbwa juu kwa juu, kisha kazi ikaingia ardhini. Baada ya mali ya kampuni hiyo kutaifishwa, mgodi uliendeshwa na shirika la umma lililokuja kujulikana kama Gécamines hadi mwaka wa 1993, uzalishaji ulipositishwa. Katika kipindi hicho Kipushi ilitoa takribani tani milioni 60 za mbale yenye shaba na zinki. Duara lake kubwa, lile la tano, lina upana wa mita 8 na kina cha mita 1,240.

Kusitishwa kwa uzalishaji hakukusitisha kazi ya mgodi. Maji hayajui kuwa bei ya shaba imeanguka. Kwa muda wa miaka 18, mgodi usiotoa chochote uliendelea kusukumiwa maji juu usiku na mchana ili ghorofa zake zisizame. Uzito wa kazi hiyo waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kuiinua kwa mita 1,200 kunahitaji nishati ya kilowati-saa 3.3 hivi, bila kuhesabu ile inayopotea ndani ya pampu na mabomba. Mgodi unaopenyezewa maelfu ya mita za ujazo kwa siku hauwezi kunyamaza hata kwa juma moja.

Mwaka wa 2011 pampu kuu katika kina cha mita 1,200 iliharibika. Maji yakapanda hadi kufikia mita 851 kutoka juu ya ardhi. Ina maana kwamba ghorofa zote zilizokuwa chini ya kiwango hicho zilizama, pamoja na reli, nyaya, karakana na pampu zilizokuwamo. Ilibidi maji yaondolewe hatua kwa hatua, na mwishoni mwa mwaka wa 2013 ndipo mafundi walipoifikia tena ghorofa kuu ya uchukuzi, iliyo katika mita 1,150. Uzalishaji ulirejea mwaka wa 2024, miaka 31 baada ya kusitishwa.

Kipushi basi inatoa picha iliyo kinyume cha Levant. Huko ghorofa za chini ziliachwa zisirudiwe. Hapa zilirudiwa, lakini kwa gharama kubwa na kwa subira ya miaka mingi. Katika mifano yote miwili kanuni ni ileile: ghorofa ya chini hudumu kwa kadiri njia zake zinavyodumu.

6.0 Kiswahili katika migodi ya Katanga

Kipushi inamrudisha msomaji kwenye suala la lugha. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, anaeleza jinsi Kiswahili kilivyochukuliwa kuwa lugha ya kazi katika Kongo ya Ubelgiji, hususan Katanga. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi: Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na kwingineko, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini na kazini. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho Edgar Polomé alikiandikia mwaka wa 1968, kilikua katika mazingira hayo ya migodi na viwanda. Leo ni lugha ya mama kwa watu wengi ambao wazee wao hawakuizaliwa nayo.

Hata hivyo, ukuaji huo ulikuwa wa upande mmoja. Kiswahili kilipewa nafasi ya kuagiza na kuagizwa. Michoro ya mgodi, mahesabu ya hewa na maji, na elimu ya uhandisi kwa jumla viliwekwa katika Kifaransa. Mfanyakazi aliweza kuambiwa kwa Kiswahili aende wapi, lakini hakuelezwa kwa Kiswahili kwa nini hewa ya mahali hapo ilikuwa salama. Kusini zaidi, katika migodi ya Afrika Kusini, ilitumiwa Fanagalo, lugha iliyotokana zaidi na Kizulu pamoja na Kiingereza na Kiafrikana, nayo pia ikawa lugha ya amri kuliko lugha ya maelezo. Kiswahili kina fasihi, kina vyuo na kina wanaisimu. Hakuna sababu ya kukiacha katika daraja hiyo.

7.0 Istilahi tano zinazopendekezwa

Istilahi zifuatazo hazikubuniwa katika makala haya. Baadhi zinatumiwa na wachimbaji wadogo wa Tanzania, na nyingine ni maneno ya kawaida yanayohitaji kuwekewa mipaka.

(a) Duara. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania huliita hivyo shimo la kuingilia ardhini. Pingamizi laweza kutolewa kwamba duara ni umbo la jiometri. Lakini neno moja laweza kutumika katika taaluma mbili bila kuleta utata, jinsi "kiini" kinavyotumika kwa yai na kwa atomu.

(b) Ghorofa. Neno linalotumiwa sana ni "ngazi", nalo ndilo lenye hatari. Agizo "nendeni kwenye ngazi ya chini" laweza kumpeleka mtu kwenye kifaa cha kupandia au kwenye kiwango cha kina. Katika mgodi kama Levant, ambamo vyote viwili vilikuwako, utata huo usingekuwa mzaha. "Ghorofa" likifuatwa na kipimo, kwa mfano ghorofa ya mita 975, linaondoa shaka.

(c) Ngazi. Neno hili libakie na maana yake ya asili, yaani kifaa cha kupandia na kushukia.

(d) Handaki. Litumike kwa njia ya ulalo pekee. Handaki linaweza kuporomoka huku duara likiwa wazi, na mwokoaji anahitaji kujua tofauti hiyo kabla ya kushuka.

(e) Kisima. Waandishi wengine hulitumia kwa shimo la wima la mgodi. Inafaa liachiwe maana yake ya maji, kwa sababu chini ya kila mgodi mrefu kuna kisima cha kweli, na kina cha maji yake ndicho kipimo cha usalama wa wote walio karibu nacho.

Kwa istilahi hizi zaweza kuongezwa nyingine zilizokwisha kuzoeleka, kama vile "mbale" kwa mawe yenye madini na "matimba" kwa magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke. Neno "matimba" limetokana na Kiingereza, lakini limeshapata makao, na mchimbaji anayelitumia anajua kwamba uhai wake umeegemea juu yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ghorofa za chini za mgodi hushikiliwa na njia za watu, hewa na maji, na kwamba Levant, Bois du Cazier na Kipushi ni mifano ya kukatika kwa kila mojawapo. Yameonyesha pia kwamba kuna njia ya nne isiyochorwa katika ramani, nayo ni lugha inayopita kati ya aliye juu na aliye chini.

Umuhimu wa njia hiyo haukuishia katika karne iliyopita. Mwezi wa Machi 2008 mvua kubwa iligharikisha mashimo ya tanzanaiti huko Mererani, na makumi ya wachimbaji wakafa chini ya ardhi. Watu hao walizungumza Kiswahili, na ndugu zao waliosubiri juu walizungumza Kiswahili. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa ushirikiano na idara za jiolojia na uhandisi, vina nafasi ya kukusanya msamiati wa wachimbaji, kuuwekea fasili na kuurudisha kwao katika vijitabu vya usalama vilivyo wazi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtafiti aliye tayari kuketi mdomoni mwa duara, amsikilize mchimbaji aliyepanda punde, na aandike jina analoliita kila kitu alichokiacha huko chini.